Kiungo Kilichonawishwa

6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hapa tuko wazima, isipokuwa usingizi, ambao ulihama nyumba hii siku mdogo alipozaliwa na haujatuachia anwani. Mdogo anaota meno. Dada yake amejifunza kusema "sitaki" na analitumia kwa kila kitu, hata kwa vitu anavyovililia. Baba yao bado yuko zamu za usiku, tunapishana mlangoni kama walinzi. Mimi nimerudi kwa dobi nusu siku. Napiga pasi mashuka ya hoteli, na nakuapia, shuka jeupe lililonyooka likipita mbele yangu natamani nivue viatu nilale humo humo.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu wewe kwenye simu hushikiki. Nikikuuliza jambo unanichekesha, nikimaliza kucheka mtoto ameamka na jambo lenyewe nimelisahau. Kwenye karatasi utabanwa.

Jirani yako fundi viatu alipita hapa akienda kumwona mwanawe. Kaniambia siku hizi unanyoa watu ukiwa umekaa juu ya stuli. Wewe! Wewe uliyekuwa ukisema kinyozi anayekaa ni mteja! Tangu uwekewe nyonga ya bandia, mwaka wa tatu huu, umekuwa ukisimama kutwa na kututambia kwamba una mguu wa kiwandani. Imekuwaje?

Nijibu kwa maneno, si kwa utani.

Mpwa wako

21 Februari

Mpwa wangu, Mama Maswali,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa kila jino litakalotoka. Mwambie huyo wa "sitaki" kwamba babu yake amempenda zaidi. Duka halijambo. Nimepaka ukuta rangi upya na nimeweka kioo kikubwa. Wateja sasa wanajiona walivyo; baadhi hawajarudi. Fundi viatu naye ana mdomo uliolegea kuliko soli zote anazoletewa.

Basi, stuli ni kweli. Nyonga inauma. Mwanzoni iliuma nikisimama sana, sasa inauma hata nimelala, kuanzia kwenye kinena inashuka pajani. Nimekwenda hospitali. Daktari wa mifupa ni binti wa rika lako, lakini anakutazama kama mwalimu mkuu. Kwenye picha ya eksirei kile chuma kimelegea ndani ya mfupa. Nikamwambia, "Kama kimelegea, kitoe uweke kingine, yaishe." Akasema, "Mzee, taratibu." Eti chuma hulegea mara nyingi kwa sababu mbili: ama kimechakaa, ama kimeingiliwa na vijidudu. Kama kimechakaa, anabadilisha mara moja na mimi naenda zangu. Kama ni vijidudu, akiweka kipya juu yao, hicho kipya nacho kitalegea, na safari hiyo huenda pasibaki mfupa wa kukishikilia. Hapo nitakuwa nimeupoteza mguu wa kusimamia, moja kwa moja. Kwa hiyo kabla ya kugusa kisu anataka kuchoma sindano mpaka ndani ya kiungo, avute maji yake, yapelekwe maabara.

Vijidudu! Mimi! Mimi ninayemrudisha mtu mlangoni kwa kipele kimoja cha kichwani! Mtaa mzima unaniita Bwana Msafi, halafu binti wa watu ananiuliza, mbele ya muuguzi, kama nina usaha.

Na usinianzie ule wa mficha maradhi. Nimeusikia tangu sijaota ndevu.

Mjomba wako

Nilisahau: zile kapsuli ulizopewa ulipovimba ziwa, zilibaki? Kama zipo usizitupe.

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Jino la kwanza limetoka, na limenijaribu mimi kwanza. Dada yake kamkata nywele mwanasesere hadi kwenye utosi, akasema ni kazi ya babu. Nimemwambia babu hafanyi kazi mbaya hivyo.

Kapsuli nilizimaliza zote kama nilivyoelekezwa. Unazitakia nini? Hukusema, na wewe ukiacha kusema kitu kwenye barua ndefu namna ile, huwa ndicho chenyewe.

Sikiliza. Mwache huyo daktari achome sindano yake. Usijione umetukanwa. Mtu akikuuliza kama una homa hajakuita mchawi. Ukipata majibu niandikie alivyosema yeye, maneno yake, usiyapambe.

Halafu niambie ukweli: unapata joto mwilini? Lile kovu linachemka ukiligusa?

Mpwa wako anayekupenda na anayesubiri

2 Aprili

Mama Maswali,

Marahaba! Piga vigelegele, hata kama mtoto kalala. Niko safi!

Sindano ilikwenda hivi. Walinilaza juu ya meza baridi, kimashine cha picha juu yangu, daktari akawa anaongoza sindano kwa kutazama kioo. Sikupiga kelele. Niliimba, muuguzi akaniomba heri nipige kelele. Yakatoka maji kidogo, ya rangi ya chai ya jana. Maabara wakayaweka kwenye visahani vyao wakasubiri kitu kiote, wakasubiri wee, hakikuota kitu. Safi kama kioo changu!

Daktari hakufurahi nilivyotarajia. Anasema damu yangu inaonyesha mwili unapambana na kitu, hata chembe za kupambana kwenye yale maji zimezidi kidogo, ila vijidudu wenyewe hawaonekani. "Damu inasema ndiyo, visahani vinasema hapana." Akaniuliza mara mbili kama kuna dawa yoyote nimetumia. Nikamwambia mimi si mtu wa madawa. Basi, kwa kuwa hakuna kilichoota, tumekubaliana: mwisho wa Mei anafungua, anatoa kilicholegea, anaweka kipya, siku hiyo hiyo.

Mimi sikushangaa. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Mtu hawezi kumpelekea daktari kiungo ambacho hakijanawishwa.

Tumbo tu ndilo limenisumbua, limekuwa la kukimbia, na ulimi umeota utando mweupe kama wa huyo mwanao mdogo. Uzee.

Wabusu wajukuu zangu.

Mjomba wako, Bwana Msafi (sasa kwa cheti)

10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Watoto wazima. Leo sina habari nyingine za nyumbani, maana barua yako nimeisoma nikiwa napiga pasi na nimeunguza foronya ya watu.

Kiungo kiko ndani ya nyama, Mjomba. Hakinawi kwa sabuni. Ulikinawisha kwa nini?

Uliniomba kapsuli. Nilipokunyima uliacha kuzitaja. Sasa tumbo linakimbia na ulimi una utando. Mimi shule yangu unaijua ilipoishia, lakini nilizimeza zile kapsuli kwa ajili ya ziwa, na tumbo lilinifanya hivyo hivyo, na ulimi hivyo hivyo. Nilipompeleka mdogo kliniki nikamuuliza muuguzi. Nikasema nina mjomba, sikusema nani. Akaniambia mtu akiwa amemeza dawa za kuua vijidudu, maabara wanaweza wasione kitu, na vijidudu vimo. Vimezimia tu, au vimejificha.

Sikuulizi kama ulimeza. Nakuuliza ulizipata wapi, na unamwambia daktari lini. Daktari anakwenda kukuwekea chuma kipya akiamini ndani ni pasafi. Wewe mwenyewe uliniandikia kitakachotokea kama si pasafi.

Mwambie kabla ya Mei. Ukishindwa, nabeba hawa wawili, nakuja kukaa nao kwenye benchi lako la wateja, na yule wa "sitaki" nitamkabidhi mkasi.

Mpwa wako

19 Aprili

Binti,

Barua yako imefika. Nakushukuru kwa kunifundisha afya. Nilikubeba mgongoni, nikakulipia shule, nikakunyoa nywele za kwanza. Leo unanihoji kama askari.

Kinachonipata nakijua mimi. Tarehe ya upasuaji nimeisubiri, sitaitupa kwa maneno ya muuguzi wa watoto wachanga.

Duka halijambo.

Mjomba wako

25 Aprili

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa maumivu. Nimesoma barua yako, nikalia kidogo, nikanyonyesha, nikairudia. Hukukana. Umenikasirikia ukurasa mzima na hukuandika popote kwamba hukumeza. Ahsante kwa kutonidanganya.

Najua unachoogopa, na si kisu. Unaogopa aibu. Lakini nikwambie kitu ulichonionyesha mwenyewe. Nilikuwa nimekaa kwenye lile sanduku karibu na mlango, msichana wa shule, akaingia bwana mmoja mwenye kofia. Ukamuuliza kama ana kidonda kichwani, akasema hana. Ukapitisha wembe, damu ikamwagika hadi kwenye kola, kumbe alikuwa na jipu chini ya nywele. Hukunyoa mwingine siku hiyo. Jioni uliniambia: "Sina ugomvi na jipu. Ugomvi wangu ni yeye kunificha, maana mkono uliomkata ni wangu."

Sasa huyo binti daktari ndiye mwenye wembe, na wewe ndiye mwenye kofia.

Kinyozi hajinyoi, Mjomba. Inama, umwachie mwenzako kichwa.

Sikukasirikii. Hata ukiendelea kunikasirikia mimi nitaandika tu. Hapa sina usingizi wa kupoteza.

Mpwa wako daima

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia kabla sijafanya. Nimefanya.

Nilikwenda nikiwa nimevaa shati la kupigia picha, kama naenda kuposa. Nikamwambia daktari, "Mwanangu, nimekuja kuvua kofia." Hakuelewa. Nikatoa mfukoni kimfuko cha kapsuli nikazimwaga mezani kwake. Ungeona rangi zile! Nyekundu kwa nyeusi, njano, za manjano na kijani, nyeupe kubwa kama vifungo vya koti. Akaniuliza, "Duka gani la dawa lilikupa hizi zote?" Nikasema, "Kiti changu." Kila mteja anayo mabaki nyumbani: huyu aliumwa jino, yule kifua, mwingine mkewe alipasuliwa. Nikawa naulizia polepole, huku nanyoa. Mtu hawezi kukunyima kitu ukiwa na wembe shingoni kwake.

Nikamweleza na sababu: nilizimeza ili nisionekane mchafu siku ya sindano. Kama mtu anavyofagia akisikia wageni wanakuja.

Mpwa wangu, nilijiandaa kufokewa. Yule binti akaweka kalamu chini, akaniangalia, akacheka hadi akatafuta leso. Akasema, "Mzee, mwizi kaingia nyumbani, umewaita polisi, halafu kabla hawajafika umefagia nyayo zake zote!" Nikacheka na mimi. Ilikuwa muda mrefu sijacheka na nyonga ile ikaniruhusu.

Baada ya hapo akawa mwalimu mkuu tena. Amefuta tarehe ya upasuaji. Dawa zote marufuku, hata moja, kwa zaidi ya wiki mbili, ndipo achome tena. Nikamuuliza, kama kapsuli zinaua, si niendelee nazo nipone? Akasema vijidudu vya kwenye chuma hujitandia utando, kama ukoko unavyoshika sufuria. Dawa inasomba vinavyoelea, ukoko unabaki. Kapsuli zangu zilitosha kuwaficha, hazikutosha kuwatoa.

Na uliloniuliza Machi: ndiyo. Nilikuwa napata joto jioni. Ndiyo, kovu lilikuwa linachemka. Tangu niache kapsuli, joto limerudi, na paja linauma hadi nanyoa vichwa vitatu nafunga duka. Naogopa, mwanangu. Nimeandika, nisije nikaambiwa nimeruka.

Sindano imechomwa jana. Safari hii sikuimba.

Mjomba wako

29 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo mara kumi! Nimeisoma mbele ya baba watoto alipotoka zamu, tukacheka kwa zile kapsuli mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikafika pale uliposema unaogopa, nikaenda kuimalizia jikoni peke yangu.

Ogopa tu, si vibaya. Ila usimeze kitu. Fundi viatu nimemwandikia, nimempa kazi rasmi: atakuletea chakula, atakuuliza kuhusu joto, na mdomo wake huo uliolegea atautumia kuniambia. Usimfukuze. Na ukipata baridi kali ya kutetemeka, au kovu likianza kutoa maji, usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Majibu yakitoka usipambe.

Mpwa wako

18 Juni

Mama Maswali! Mama Majibu!

Kimeota!

Sijawahi kufurahia uchafu hivi maishani. Daktari mwenyewe alitoka mlangoni kuniita, na kwa mwendo wake nilijua kuna jambo. Akasema, "Mzee, tumemkamata." Visahani havikuonyesha kitu kwa siku za mwanzo, na maabara nyingine labda wangevitupa. Yeye aliwaomba wavitunze wiki mbili nzima, maana wako wadudu wa polepole. Mwishoni, kwenye visahani zaidi ya kimoja, vikajitokeza vidoa vidogo, na vyote ni mdudu mmoja. Wamejaribu dawa juu yake moja moja na sasa wanajua ipi inamwua na ipi anaichekea. Nyingi kati ya zile nilizokusanya, anazichekea.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini: huyu hukaa kwa watu wa namna gani? Akanyoosha mkono wake, ule anaonawa kutwa. "Hukaa kwenye ngozi. Yako, yangu, ya mtoto aliyeogeshwa sasa hivi. Hana ubaya mpaka apate chuma cha kujishikiza." Mwanangu, nilijiegemeza kwenye kiti kile nikahisi mtu amenitua gunia.

Sasa mpango umegeuka. Hatabadilisha mara moja. Anatoa chuma chote, anasafisha, anaweka kiungo cha muda cha saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa inayomwua huyu huyu, siyo kubahatisha. Nitadungwa dawa wiki kadhaa. Wakiridhika kwamba kumetulia, ndipo ananiwekea kipya. Nikamuuliza ingekuwaje kama angeniwekea kile cha Mei. Akasema, "Tungekuwa tumemjengea mwizi nyumba mpya."

Ningekuwa nimekaa juu ya stuli hadi kaburini, mpwa wangu. Na ningejikalisha mwenyewe.

Ile barua ya Aprili, ya ukali, ichome.

Mjomba wako

27 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Siichomi. Nimeifanya ya kuzuia dirisha linalogongagonga, na inafanya kazi vizuri kuliko ilivyofanya ulipoiandika.

Mdogo amesimama juzi akashikilia kiti. Akaanguka, akasimama tena, akatucheka sisi tuliopiga kelele. Nimekuandikia ujue kuna mwingine anajifunza kazi hiyo.

Nimelia kwa furaha mbele ya pipa la nguo, dobi akadhani nimefukuzwa kazi. Nenda ukapasuliwe. Sasa wanajua wanachokifuata humo ndani. Mimi nakuombea, na naomba ruhusa nije siku ya pili.

Mpwa wako

30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na wajukuu nao marahaba. Tangu uondoke, baada ya upasuaji ule wa kwanza, kila mgonjwa wa wodi ile aliniuliza yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa akiwahoji madaktari ni nani. Nikasema ni askari wangu.

Unajua kwamba chuma kipya kimewekwa mapema mwezi huu. Ambacho hukujua ni kwamba siku ile walichukua vipande vya nyama kutoka pembe zote za kiungo, wakavipeleka maabara tena, na nilikuwa nimeacha dawa kabla ya hapo kwa amri yao, ili safari hii kama yumo aonekane. Sikukuambia kwa sababu una watoto wawili na usingizi mmoja. Nilisubiri peke yangu. Usinifokee, nilikuwa najifunza.

Leo nilikuwa kwenye chumba cha mazoezi. Tuko wengi: wa nyonga, wa magoti, mama mmoja mpishi aliyevunjika kifundo, kila mtu na magongo yake. Mimi niko katikati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, fundi wa mazoezi ananiambia, "Polepole, mzee, huko hakuna mteja." Daktari akaingia na karatasi. Hakuniita pembeni. Alikuja akasimama mwisho wa vyuma, akasema, "Njoo uyachukue."

Nikaachia chuma cha kushoto. Nikaachia cha kulia. Nikaenda, mwanangu. Mguu ulinichukua kama mguu, si kama kitu nilichoazimwa. Nilipomfikia akasoma: vipande vyote, wiki mbili kamili, hakuna kilichoota.

Nikasema, "Rudia. Kwa sauti. Na wale wa kule mwisho wasikie."

Akarudia kwa sauti ya mwalimu mkuu. Mama mpishi akaanza, akagonga gongo lake sakafuni, ko, ko, ko. Wakafuata wote, magongo chini, mengine kwenye vyuma vya vitanda, chumba kikalia kama karakana. Muuguzi akaja mbio kufoka. Akasimama mlangoni, akauliza kuna nini, wakamwambia. Akatazama huku na huku, akachukua sinia la vifaa, akalimwaga juu ya kitanda, akaanza kulipiga kwa kijiko.

Na mimi katikati yao nimesimama, sijashika kitu.

Mjomba wako